Siku Kumi za Komandoo

17 Novemba
Daftari hili aliliacha mwanangu Amos alipomaliza chuo. Kurasa mbili za mwanzo zina hesabu ambazo hata yeye hakuzielewa, zilizobaki nimezirithi. Leo imenyesha mvua ya kwanza ya maana. Fundi viatu asiye na wateja ana mawili: kusinzia au kutazama watu. Mimi hutazama, na huwa naanzia miguuni.

20 Novemba
Jirani yetu Charles, mwenye biashara ya mbao, amerudi kutoka Mbeya na kreti nyuma ya pikapu. Ndani mna mbwa wa kahawia, kichwa kama tofali, kifua kama cha mbeba mizigo wa sokoni. Mtaa mzima wa hapa kilimani ulitoka kutazama.

"Hii siyo mbwa, fundi," Charles akaniambia. "Hii ni mashine. Pitibuli halisi. Inaitwa Komandoo."

"Mashine yako imejikojolea," nikamwambia.

"Ni hasira hiyo." Kisha akaongeza kwa sauti, ili wote wasikie: "Ila wewe Mhehe nakuonya, usije ukamtia kwenye sufuria!"

Watu wakacheka. Utani huo nimeusikia tangu nina meno ya utoto na haujawahi kunenepa. Nikamjibu kwamba katika ukoo wangu wote simjui aliyekula mbwa, ila sasa namjua Mnyakyusa mmoja aliyenunua mbwa bila kujua mbwa anakula nini. Wakacheka tena, zaidi. Charles hakucheka.

25 Novemba
Charles ameagiza mkanda wa shingo, ngozi mbili juu ya nyingine, misumari ikitazama nje. Nimeushona. Kazi ni kazi. Nimejiambia hivyo mara tatu, na mara tatu ni nyingi kwa jambo ambalo ni kweli.

1 Desemba
Mvua. Soli tatu, zipu moja.

4 Desemba
Niandike kwa utaratibu, maana nina hasira.

Kwa Charles kuna sanduku la mbao, refu kidogo kuliko jeneza la mtoto. Mbwa anafungiwa humo tangu alfajiri mpaka jua lizame, asione mtu, "asizoeane." Chakula chake ni ugali uliopondewa pilipili kichaa. Na leo nimemwona Charles mwenyewe, mtu mzima mwenye familia, akichanganya nyigu wakavu kwenye bakuli.

"Nyigu wa nini, jirani?"

"Ili awe mkali, fundi. Mbwa akila nyigu anapata ile roho ya kuuma. Hata wazee wetu walifanya hivyo."

"Na wewe ukila kuku unataga?"

"Ndiyo maana unashona viatu," akanijibu. "Huna maono."

Sijasoma sana, darasa la saba tu na magazeti ya kufungia vitumbua. Lakini nimefuga mbwa maisha yangu yote. Ukimuunguza tumbo kiumbe chochote, ukamfungia gizani, kisha ukamfungulia, hajawa mkali. Amekuwa mgonjwa anayetafuta wa kumlipizia.

12 Desemba
Ulanzi, pombe ya mianzi, umeanza kutiririka huko mabondeni. Paskalina, anayeuleta kilabuni, amepita alfajiri na madumu yake mawili, moja kichwani, moja mkononi.

"Kamwene, fundi! Bado hujafa?"

"Kamwene. Nasubiri uniletee ulanzi mtamu kwanza."

"Basi utaishi sana, wa leo mkali."

Wateja wake hulalamika kwamba anaongeza maji. Viatu vyake ni vya plastiki, vimeshonwa na mimi mara nne, na kila mara anasema hii ndiyo ya mwisho.

17 Desemba
Nimepitisha vidole kwenye ufa wa ukuta wa Charles, pale lilipo sanduku. Pua ikaja, ya moto, ikanusa. Nilidhani nitarudi nyumbani na vidole vitatu. Akavilamba. Ulimi wake ulinuka pilipili mpaka macho yakaniwasha.

Nimemwambia mke wangu Esta.

"Baba Amos, mbwa wa watu muache. Siku akikuuma sitakufulia bandeji."

Kwa mke wa Charles, Catherine, siendi kulalamika. Anavaa viatu vyenye visigino virefu hata kwenye matope, na hajawahi kunisalimia bila kutazama simu.

26 Desemba
Jana, siku ya Krismasi, Charles alimtoa Komandoo getini wageni wamwone. Watoto wakaanza kumchokoa kwa vijiti kupitia nondo. Charles akawachekea. "Mchokoeni, mchokoeni! Mtaona moto!" Nilipowafukuza wale watoto, baba mmoja akaniambia nawaharibia sikukuu.

4 Januari
Mvua siku ya tano mfululizo. Charles amekwenda Mafinga. Nimempigia hodi Catherine nikamwambia mkanda unanuka. Akanifungulia. Shingo ya mbwa imechubuka, nyama iko wazi, kwa sababu mkanda ule ule niliopima mwezi Novemba umevaliwa na mbwa ambaye tangu hapo amekua. Nimeulegeza tundu mbili. Komandoo alisimama kimya akitetemeka, kama mtoto anayenyolewa.

Sikumwambia Charles. Angeubana tena.

7 Januari
Naandika usiku huu huu, nisije nikasahau mpangilio wa mambo.

Alfajiri, manyunyu. Paskalina anapanda na madumu yake. Charles anafungua geti atoe pikapu. Amemtoa mbwa kwenye sanduku na kumfunga kwenye mnyororo karibu na geti, ili majirani wamsikie anavyobweka. Injini ikawaka. Mbwa akarudi nyuma kwa woga, akavuta, na kichwa kikachomoka kwenye mkanda. Nimeona kwa macho yangu. Kilichomoka kama mguu kwenye kiatu kikubwa.

Alitoka getini na kumkamata Paskalina nyuma ya goti, chini kidogo. Hakubweka hata mara moja. Paskalina alianguka, dumu moja likapasuka. Mimi nilikimbia kutoka kibandani kwangu nikiwa na nyundo, na namshukuru Mungu sikuitumia. Nilichukua dumu la pili, nikammwagia Komandoo ulanzi wote puani. Akakohoa, akaachia.

Kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau. Akaingia getini, akaenda kwenye sanduku lake, akaingia mwenyewe na kujikunja.

Charles aliteremka kwenye pikapu. "Alimchokoza! Mmemwona alivyomtikisia dumu?" Akatazama saa. "Nina mzigo unanisubiri Mafinga." Akapanda, akaondoka. Aliondoka! Mwanamke yuko kwenye matope na damu inatiririka na ulanzi, naye ana mzigo unamsubiri.

Aliyetoka ni Catherine, miguu peku, gauni la kulalia, ndoo ya maji na kipande cha sabuni ya mche. Akapiga magoti kwenye tope. "Dakika kumi na tano," akasema. "Tunaosha dakika kumi na tano, hata akilia." Paskalina alilia na kumtukana kwa Kihehe, matusi ya kale ambayo sikujua bado yanatumika, na Catherine akaosha, akaosha, simu ikiwa imeegemezwa kwenye jiwe ihesabu dakika. Miezi yote hii nimekuwa nikisoma visigino vyake. Nilisoma vibaya.

Kufikia saa mbili walikuwa wamekusanyika watu arobaini na mapanga. Mwenyekiti wa mtaa, Jailos, mtu ambaye hata chai haanzi bila kufungua kikao, akatangaza mbwa auawe. Wakashangilia. Nikampigia Samwel, bwana mifugo wa kata, nikaweka simu sauti ya juu.

"Msimuue!" Samwel akapiga kelele. "Amechanjwa?"

"Charles anasema ana kadi," Jailos akajibu.

"Kadi ile ni ya ng'ombe wa baba yake," Catherine akasema. "Mbwa hajachanjwa chochote."

Samwel akaeleza polepole, kama anaongea na watoto. Mama apelekwe akachomwe sindano leo hii. Mbwa afungiwe siku kumi. Akiwa na kichaa cha mbwa, kabla ya siku hizo atakuwa amekufa au ameonyesha dalili. Zikipita naye ni mzima anakula, basi mama yuko salama. "Mkimuua leo mkamtupa korongoni, nitamuuliza nani? Panga?"

"Na nani atamlisha?" mtu akauliza.

Watu arobaini wakatazama viatu vyao. Nikavitambua vingi, nimevishona. Nikasema, mimi.

8 Januari. Siku ya kwanza.
Paskalina amechomwa sindano ya kwanza. Ya pili wamemwambia dawa imekwisha, inafuatiliwa. Inafuatiliwa! Kama vile imetoroka. Yuko kwa dada yake hapa mjini, hawezi kutembea.
Komandoo tumemhamishia kwenye banda la kuku la Catherine lenye mlango wa chuma, kufuli na dirisha. Simgusi, naingiza bakuli dirishani kwa ufito. Mkanda nimeukata vipande na kuutia motoni. Amekula. Amekunywa.

9 Januari. Siku ya pili.
Amekula. Amekunywa. Simu ya Charles haipatikani.

10 Januari. Siku ya tatu.
Amekula. Mtu ametupa jiwe bandani. Mwingine ameniita baba wa mbwa, nikamshukuru.

11 Januari. Siku ya nne.
Leo nimekwenda kumwona Paskalina, nikiwa na mkate. Kwa siku nne nimekuwa nikimlaani Charles mbele ya kila mteja, kwa ufasaha mkubwa, na kila mara naruka sehemu yangu. Nikamweleza. Kwamba mkanda niliushona mimi. Kwamba niliulegeza mimi, tundu mbili, nikakaa kimya.

Akauweka mkate kando.

"Kwa hiyo ni wewe."

"Nilimhurumia shingo."

"Shingo yake ukaiona." Akafunua shuka, akanionyesha mguu. "Kulegeza ulegeze. Lakini ulishindwa nini kusema? Ungesema 'Paskalina, pita njia ya kanisani wiki hii,' ningepita. Nina miguu. Nilikuwa nayo."

Nikasimama niondoke.

"Mkate chukua," akasema. "Sitaki mkate. Niletee habari. Kila siku uje useme: amekula au hajala. Na usinidanganye, fundi. Nina watoto watatu, lazima nijue kama niwaage."

12 Januari. Siku ya tano.
Amekula. Amekunywa. Nimepeleka habari. Alikuwa amekaa dirishani akinisubiri.

13 Januari. Siku ya sita.
Hajala.

Asubuhi nilidhani ni mvua. Mchana nikarudi, bakuli limejaa vile vile. Ugali safi, mchuzi wa dagaa, bila pilipili. Amelala, amenigeuzia mgongo. Nimemwita, akainua kichwa, akakirudisha chini. Maji sikuweza kujua kama ameyagusa, kwa sababu paa linavuja ndani ya bakuli na linayajaza tena. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa tangu saa saba mpaka saa kumi na moja nikimtazama taya. Je, mate yanamtoka? Je, macho? Samwel alisema nimwangalie sauti, kama imebadilika. Yule hana sauti! Mwenye sauti ni mwenye mbwa, naye simu kazima.

Nilifika kwa Paskalina nikiwa nimejiandaa kusema maneno mengi. Yakatoka mawili.

"Leo hajala."

Hakulia. Akamwita binti yake mkubwa akamwambia shamba la mianzi mpaka wake unaishia wapi, mti gani na mti gani. Mimi nikiwa nimesimama pale mlangoni.

14 Januari. Siku ya saba.
Asubuhi nilikuwa navaa viatu bila kusema neno. Esta akaniuliza kulikoni. Nikamweleza. Akashika mdomo.

"Nilimpa mimi."

"Ulimpa nini?"

"Kande. Jana alfajiri, kwa ule ule ufito wako. Bakuli mbili. Na zile ngozi za kitimoto. Nilipita nikamwona ananiangalia, nikasema maskini… sikutaka ujue, maana nimekusema sana."

Esta! Mwanamke ambaye tangu Desemba anaapa kwamba mbwa wa watu niwaache! Nilitaka kumgombeza na nilitaka kumkumbatia, nikaishia kuchanganya vyote, nikavaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia. Tulikwenda wote bandani. Komandoo akala bakuli la asubuhi lote, akalisukuma mpaka ukutani akililamba. Kisha Esta akaenda mwenyewe kwa Paskalina kueleza. Amerudi na macho mekundu, hakuniambia walichoongea.

15 Januari. Siku ya nane.
Charles amerudi. Na niwe wazi: nilidhani anakuja kumwona mwanamke aliyeumwa na mbwa wake. Hapana. Amekuja na kreti.

"Kuna mtu Chunya, ana shimo lake la dhahabu," akasema mbele yangu bila haya. "Nimemweleza. Anasema ndiyo hasa anamtaka, mbwa ambaye ameshaonja mtu. Thamani imepanda, fundi!"

"Siku kumi hazijaisha."

"Mbwa ni wangu."

"Mguu je, ni wa nani?"

Akanipita kwenda bandani. Kufuli. Akamgeukia mkewe. "Catherine, ufunguo."

Catherine alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua macho. "Uko chooni."

"Chooni wapi?"

"Chini. Ufuate."

Nimeishi miaka hamsini na minane na sijawahi kuona mfanyabiashara wa mbao akikosa neno. Akaagiza shoka. Hapo ndipo alipotokea Mwenyekiti Jailos na mwavuli wake, akaweka kigoda mbele ya mlango wa banda, akakalia, akafungua daftari. "Kikao kimefunguliwa," akasema. "Agenda ya kwanza, mtu kuvunja karantini ya mifugo. Jina lako kamili?" Alisoma mahudhurio. Alisoma yatokanayo. Kikao kilichukua saa mbili na nusu, mvua ikimnyeshea magotini, na kila Charles aliposogea na shoka Jailos aliandika kitu na kumwomba arudie kwa ufasaha. Huyu ni mtu ambaye siku ya kwanza alitaka mapanga. Nilimpelekea chai mwenyewe, na hakutaka hata kufungua kikao kingine kuinywa.

Charles alilala kwa rafiki yake.

16 Januari. Siku ya tisa.
Amekula. Amekunywa. Habari nimepeleka. Paskalina akauliza, "Anakulaje?" Nikamwambia, kama mtu anayejua kesho ipo.

17 Januari. Siku ya kumi.
Samwel amekuja na pikipiki, tope mpaka masikioni. Tukakata kufuli. Akamtazama macho, fizi, mwendo, akamfanya ameze, akamchanja. "Huyu hana kichaa," akasema. "Ana njaa ya kukaa na watu tu."

Nilikimbia. Nina nyonga mbovu na nilikimbia kutelemka kilima kizima. Paskalina alikuwa dirishani. Sikuwahi kusema; aliniona uso. Akakaa chini sakafuni, akacheka, akacheka mpaka dada yake akaogopa, kisha akasema, "Haya, nenda. Leo ondoka kabisa."

Charles naye alikuja na mtu wake wa Chunya, mnene, miwani myeusi kwenye mvua. Mtu akainama kwenye dirisha la banda na kugonga nondo kwa fimbo. Komandoo, ambaye amekaa siku kumi bila pilipili, bila nyigu, bila sanduku, akajificha nyuma ya Catherine, aliyekuwa bandani akifagia.

"Hii ndiyo mashine?" mtu akauliza.

Charles akageuka kunitazama kana kwamba nimemwibia. "Umeniharibia mbwa," akasema.

19 Januari
Mkutano wa mtaa. Matibabu yote ya Paskalina na siku alizokosa kazi ni juu ya Charles, ameweka sahihi. Wengi bado walitaka mbwa auawe, na siwalaumu. Siyo wao waliokalia ndoo. Jailos akauliza kama kuna mwenye neno. Nikasimama nikasema hadharani habari ya tundu mbili. Kisha nikasema nitamchukua, na ukuta nitajenga, na hatatoka bila kamba na kifungio cha mdomo, atahasiwa, chanjo kila mwaka. Na akimgusa mtu tena, nitampeleka mwenyewe kwa Samwel akachomwe sindano ya kufa, na nitakuwa nimemshika mimi.

"Baba Amos," Esta akanong'ona, "ukuta kwa pesa gani?"

"Kaa chini," nikamwambia. Akasimama. "Na mimi nitamlisha," akasema, kwa sauti.

Paskalina hakuhudhuria.

28 Januari
Tofali mia mbili. Mgongo.

6 Februari
Ukuta umefika kifuani. Catherine amehamia kwao Tukuyu na watoto. Alipita kuniaga, ndala miguuni, akamkuna mbwa nyuma ya sikio. Alinisalimia bila simu.

23 Februari
Nimekuwa nikimtoa kila alfajiri kabla watu hawajaamka, kamba fupi, kifungio nilichoshona kwa ngozi laini. Anatembea ubavuni kwangu. Anaogopa pikipiki, miavuli na mbuzi mmoja wa jirani.

Leo, manyunyu, tulipofika njia panda, nikamwona Paskalina anapanda. Ni mara ya kwanza tangu siku ile. Dumu moja tu, na anachechemea. Alituona, akasimama. Barabara ile ni nyembamba, upande huu mtaro, upande ule ukuta wa mbao za Charles.

Nilitaka kumwambia kwamba mbwa ni mpole sasa. Sentensi ilikuwa mdomoni. Kila mwenye mbwa duniani anayo hiyo sentensi, na kila mtu aliyeumwa ameshaisikia. Nikaimeza. Nikashuka mtaroni, maji mpaka kwenye soksi, nikamvuta Komandoo, nikamkalisha, nikazungushia kamba mara mbili kwenye ngumi.

Paskalina hakusogea.

"Umemshika?"

"Nimemshika."

"Nimekuuliza, fundi. Umemshika kweli?"

"Nimemshika. Pita."

Akapita, polepole, kwa ule mguu, macho yake kwenye mkono wangu muda wote. Hakunisalimia. Tulisimama mtaroni, mimi na mbwa, mpaka alipomaliza kilima na kukata kona, na hata hapo nilihesabu mpaka ishirini kabla sijalegeza.